Muuguzi Mgonjwa Zamuni na Usalama wa Mgonjwa: Maswali na Majibu ya Marudio

Kwa wanafunzi wa uuguzi na ukunga ngazi ya stashahada

Mikasa iliyomo humu ni ya kutunga, lakini imewekwa Vudee, kata ya milimani wilayani Same. Mahali hapo pamechaguliwa makusudi. Jibu la "abaki nyumbani" ni jepesi kwa hospitali yenye wauguzi wengi. Kwenye zahanati ya Upare yenye muuguzi mmoja au wawili, mtahiniwa analazimika kufikiri: akibaki nyumbani, nani anafungua mlango? Soma swali, jaribu mwenyewe kwenye karatasi, kisha ndipo uangalie jibu.

SEHEMU A: MISINGI

Swali la 1. Eleza maana ya kufanya kazi ukiwa mgonjwa, na utofautishe na utoro kazini. (Alama 4)

Jibu. Kufanya kazi ukiwa mgonjwa ni kuingia zamu wakati afya ya mwili au ya akili haikuruhusu kutoa huduma kwa kiwango kinachotakiwa, au inamweka mgonjwa kwenye hatari ya kuambukizwa. Utoro ni kutokuwepo kazini bila ruhusa wala sababu halali.

Tofauti inayobeba alama ni hii: utoro unaonekana. Jina lipo kwenye rosta, mtu hayupo, na mganga mfawidhi anaanza kupiga simu. Muuguzi mgonjwa aliyefika anahesabiwa kama mzima. Pengo limezibwa kwenye karatasi tu, na hakuna anayetafuta msaada kwa sababu hakuna anayejua kwamba msaada unahitajika.

Swali la 2. Taja njia kuu mbili ambazo ugonjwa wa muuguzi humdhuru mgonjwa, na utoe mifano. (Alama 6)

Jibu.
(a) Kuambukiza. Mafua makali, kuhara na kutapika, kifua kikuu, tetekuwanga, surua, macho mekundu, kidole chenye usaha. Wanaoumia zaidi ni watoto wachanga, wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu.
(b) Kukosea. Homa, maumivu ya mgongo, kipandauso, sonona na uchovu hupunguza umakini, kumbukumbu na nguvu za mikono. Hapo ndipo dozi hukosewa, mgonjwa huanguka akihamishwa kitanda, na dalili za hatari hupita bila kuandikwa.

Kwa hiyo kila mkasa uanze na maswali mawili: ugonjwa huu unaambukiza? Ugonjwa huu unapunguza akili au mkono? Wanafunzi wengi huishia kwenye la kwanza. Muuguzi mwenye maumivu ya mgongo haambukizi mtu, lakini akimwinua peke yake mama aliyetoka kujifungua, wote wawili wanaweza kuishia sakafuni.

Swali la 3. Ushahidi gani wa utafiti unaunga mkono jibu lako la swali la 2? (Alama 6)

Jibu. Tafiti tatu zinatosha, mradi uzieleze kwa usahihi.

Mwaka 2012, Letvak, Ruhm na Gupta walichapisha katika jarida la American Journal of Nursing utafiti uliohusisha wauguzi zaidi ya 1,000 wa hospitali za North Carolina, Marekani. Wauguzi waliofanya kazi wakiwa na maumivu au sonona waliripoti wagonjwa wengi zaidi kuanguka, makosa mengi zaidi ya dawa, na ubora mdogo wa huduma. Kumbuka kuandika kwamba taarifa hizo zilitolewa na wauguzi wenyewe. Huo ni udhaifu wa utafiti, na mtahini hupenda kuona umeuona.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka hospitali ya watoto ya Philadelphia uliwauliza madaktari na wataalamu wengine wa tiba 536. Asilimia 95 walikubali kwamba kuja kazini na ugonjwa kunamhatarisha mgonjwa. Asilimia 83 walikuwa wamefanya hivyo angalau mara moja katika mwaka uliotangulia. Sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa kutotaka kuwaangusha wenzao. Hapa unajifunza kwamba tatizo halitokani na kutojua, kwa hiyo semina peke yake haitalimaliza.

Kuhusu uchovu, majaribio ya miaka ya 1990 yalionyesha kuwa mtu aliyekesha saa 17 mfululizo hufanya kazi za umakini sawa na mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu.

Swali la 4. Kwa kutumia mifano ya Tanzania na nchi jirani, onyesha kwa nini afya ya mhudumu haitenganishwi na ya mgonjwa. (Alama 8)

Jibu. Mifano iliyo wazi zaidi ni ya milipuko ya homa za virusi, kwa sababu dalili zake za mwanzo (homa, kuumwa kichwa, uchovu, kutapika) zinafanana na malaria.

Kikwit, Kongo, 1995: kati ya watu 315 walioambukizwa Ebola, 80 walikuwa watumishi wa afya. Hospitali yenyewe iligeuka kuwa njia ya maambukizi, na maambukizi kwa watumishi yalishuka mno glavu, aproni na utaratibu wa kutenga wagonjwa vilipopatikana.

Gulu, Uganda, 2000: mlipuko uliopata watu 425 na kuua 224 uliwaua pia baadhi ya watumishi wa Hospitali ya St. Mary's Lacor. Dkt. Matthew Lukwiya, aliyeongoza mapambano hospitalini hapo, alifariki tarehe 5 Desemba 2000 baada ya kuambukizwa.

Kagera, 2023: Tanzania ilitangaza mlipuko wa Marburg tarehe 21 Machi. Wagonjwa walikuwa 9, mmoja wao akiwa wa kudhaniwa, na 6 walifariki. Wahudumu wawili wa afya waliambukizwa, mmoja akapoteza maisha. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni.

Kampala, 2025: mgonjwa wa kwanza kutambuliwa katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 30 Januari alikuwa muuguzi wa Hospitali ya Rufaa ya Taifa ya Mulago. Kabla ya kufariki alikuwa amepita vituo kadhaa vya tiba na kwa mganga wa jadi.

Funga jibu kwa hoja, usiishie kwenye orodha: mtumishi anayesema "ni malaria tu" na kumeza dawa bila kupima anaweza kuwa wa kwanza kuambukizwa na wa kwanza kusambaza. Anahitaji mlango mmoja unaojulikana wa kupimwa mapema, wenye mhudumu mwingine anayemwandikia faili kama mgonjwa yeyote.

Swali la 5. Kwa nini muuguzi wa zahanati ya milimani huingia kazini akiumwa? Toa sababu tano. (Alama 5)

Jibu.
1. Uhaba wa watumishi. Zamu ikiachwa, hakuna wa kuishika.
2. Umbali. Atakayetumwa kushika nafasi anatoka bondeni au Same mjini, na mvua za masika zikishanyesha barabara ya mlimani haina haraka.
3. Moyo wa kutowaangusha wenzake. Jamii iliyolelewa kwenye msaragambo, ambako kila kaya hutoa mtu kwenye kazi ya kijiji, haimtazami vizuri anayebaki ndani wenzake wakiwa kazini. Moyo huo umejenga madarasa na barabara. Kwenye wodi, bila mpaka, unazalisha makosa.
4. Hofu ya kuonekana mvivu au mtegaji, na hofu ya kupoteza posho.
5. Nyumba ya mtumishi ipo hatua chache kutoka zahanati. Hata akiwa na ED (cheti cha tabibu cha kupumzishwa kazi) mkononi, watu watagonga: "Hodi sista, mtoto anachemka." Na funguo za kabati la dawa anazo yeye.

Sababu ya tano huandikwa na wachache, nayo ndiyo inayotofautisha mtahiniwa anayeifahamu zahanati na aliyekariri kitabu.

SEHEMU B: KWELI AU SI KWELI (toa sababu, alama 2 kila swali)

6. Muuguzi anayeishi na VVU asiruhusiwe kuhudumia wagonjwa.
Si kweli. VVU haviambukizwi kwa kumgusa mgonjwa, kumpa dawa au kumpima presha. Tahadhari za kawaida zinatosha kwa kazi nyingi, na Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inakataza ubaguzi.

7. Muuguzi akivaa barakoa anaweza kufanya kazi na ugonjwa wowote.
Si kweli. Barakoa hupunguza matone ya kikohozi. Haizuii vijidudu vya kuhara vilivyo mikononi, wala haimrudishii umakini mwenye homa ya nyuzi 39.

8. Kitakasa mikono chenye kileo kinatosha kwa muuguzi anayeharisha.
Si kweli. Baadhi ya virusi vya kuhara, kama norovirus, havifi vizuri kwa kileo. Maji tiririka na sabuni ndiyo sahihi.

9. Paracetamol ikishusha homa, muuguzi amepona.
Si kweli. Homa imefichwa tu. Saa za kusubiri huhesabiwa bila dawa ya kushusha homa.

10. Muuguzi aliyejichoma sindano amalize zamu kwanza, kisha aripoti.
Si kweli. Aoshe jeraha kwa maji na sabuni bila kulikamua, aripoti papo hapo, na aanze dawa za kinga dhidi ya VVU mapema iwezekanavyo, isizidi saa 72.

SEHEMU C: MUDA WA KUKAA NJE YA KAZI

Swali la 11. Taja ni lini muuguzi mwenye hali zifuatazo arudi kuhudumia wagonjwa. (Alama 6)

Kuhara au kutapika kwa maambukizi: saa 48 baada ya dalili ya mwisho.
Homa ya mafua: angalau saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha.
Tetekuwanga: vipele vyote vikishakauka na kufanya magamba.
Surua: siku 4 zikishapita tangu upele utokee.
Macho mekundu ya kuambukiza (kama yaliyoenea Dar es Salaam na pwani ya Kenya mwanzoni mwa 2024): macho yakishaacha kutoa majimaji na tongotongo.
Kikohozi cha wiki 2 au zaidi: asubiri kipimo cha makohozi. Ikiwa ni kifua kikuu, arudi pale anayemtibu atakapothibitisha kuwa haambukizi tena.

SEHEMU D: MIKASA

Mkasa wa kwanza. Sista A. yuko peke yake zahanati ya Vudee. Tangu jana ana homa na kichwa kinamgonga. Saa 10 jioni analetwa mtoto wa kilo 12 aliyerudi juzi kutoka tambarare, ana malaria kali, amezimia. Sista anaamua kumchoma artesunate kwenye msuli kabla ya rufaa. Anayeyusha chupa ya mg 60 kwa ml 1 ya sodiamu baikaboneti, anaongeza ml 5 za saline, anavuta ml 1.8, anachoma. Anaandika "artesunate mg 36" kwenye barua ya rufaa.

Swali la 12. (a) Kokotoa dozi sahihi. (b) Kosa liko wapi? (c) Madhara yake ni nini? (d) Lingezuiwaje? (Alama 12)

Jibu.
(a) Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa mg 3 kwa kilo: 12 × 3 = mg 36. Kwa sindano ya msuli huongezwa ml 2 za saline, jumla inakuwa ml 3, yaani mg 20 kwa kila ml. Kwa hiyo 36 ÷ 20 = ml 1.8.

(b) Ameongeza ml 5, ambazo ni za sindano ya mshipani. Jumla imekuwa ml 6, yaani mg 10 kwa kila ml. Ml 1.8 alizovuta zina mg 18. Mtoto amepata nusu ya dozi.

(c) Angalia kwa makini kinachofanya kosa hili liwe baya. Hesabu yake ya mg ilikuwa sahihi. Ujazo aliovuta ulikuwa sahihi kwa msuli. Kilichoteleza ni hatua moja ya katikati, ile mikono huifanya kwa mazoea kichwa kikiwa kizito. Mtoto hakupiga kelele wala palipochomwa hapakuvimba. Barua inasema mg 36, kwa hiyo daktari wa hospitali ya wilaya Same ataiamini na kuhesabu dozi inayofuata kuanzia hapo. Vimelea vimepata muda, na mtoto aliyezimia hana muda wa kugawa.

(d) Kosa lingezuiwa kwa:
(i) Kusoma chati ya kuyeyusha iliyobandikwa ukutani, kwa sauti, hata kama umeifanya kazi hiyo mara mia.
(ii) Mtu wa pili kuhakiki. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kusoma namba kwenye bomba la sindano na kwenye chati. Hahitaji kujua famasia ili aone 5 na 2 ni tofauti.
(iii) Haki tano za utoaji dawa: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Hapa haki ya njia na haki ya dozi zimegongana.
(iv) Taarifa ya homa tangu jana. Simu moja asubuhi ingeleta mtu kabla ya saa 10 jioni.

Tahadhari: usiandike "Sista A. ni mzembe". Hakuna alama za kumlaumu mtu. Alama ni za kuonyesha mahali mfumo ulipomwacha peke yake, na akigundua kosa, hatua ya kwanza ni kumpigia daktari wa Same na kusema ukweli kuhusu dozi.

Mkasa wa pili. Saa 8 usiku, mvua kubwa. Mkunga pekee wa zahanati ameharisha na kutapika tangu jioni. Analetwa mama mwenye uzazi wa nne. Njia imefunguka kikamilifu, kichwa kinaonekana.

Swali la 13. Mkunga afanye nini? Toa hatua kwa mpangilio. (Alama 12)

Jibu. Wengi hupoteza alama hapa kwa kuandika "ampe rufaa kwenda Same". Mtoto atazaliwa njiani, gizani, kwenye utelezi. Mkunga atahudumia, kwa sababu kumwacha mama ni hatari kubwa kuliko kumhudumia kwa tahadhari.

1. Aite mtu wa pili mara moja: mtumishi mwenzake kama yupo, la sivyo mhudumu wa afya ngazi ya jamii.
2. Apige 115, namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, ili usafiri uwe njiani iwapo mama atatoka damu au mtoto atakuwa na shida.
3. Anawe kwa maji tiririka na sabuni hadi kwenye viwiko, avae aproni safi, barakoa na glavu tasa.
4. Avute oksitosini yuniti 10 mapema, lebo isomwe na watu wawili. Itolewe kwenye msuli ndani ya dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa, akishahakikisha hakuna pacha.
5. Akizidiwa na kutapika, atoke, avue glavu, anawe upya, avae nyingine. Mtu wa pili abaki na mama.
6. Mtoto akishalia na kukaushwa, awekwe kifuani kwa mama. Uji na chai ya mama viandaliwe na ndugu, mkunga asiviguse.
7. Amweleze mama kwa heshima kwamba anaumwa tumbo, na amsisitize kunawa kabla ya kunyonyesha.
8. Kabla ya mapambazuko ampigie mganga mfawidhi au Muuguzi Mkuu wa Wilaya, akabidhi zamu, aandike tukio, na ahesabu saa 48.

Dharura inaruhusu tendo moja lisilosubiri. Haimruhusu aendelee na kliniki ya watoto asubuhi kana kwamba usiku haukutokea.

SEHEMU E: SHERIA

Swali la 14. Muuguzi anayeumwa analindwa na sheria zipi Tanzania Bara? (Alama 8)

Jibu.
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 32: likizo ya ugonjwa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Cheti cha tabibu kinahitajika. Watumishi wa umma wana pia Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma.
Sheria hiyohiyo inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na mtu asifanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku.
Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003: mwajiri ana wajibu wa kuweka mazingira salama.
Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF): fidia kwa ugonjwa au jeraha litokanalo na kazi.
Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010: muuguzi anawajibika kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa usalama wa anayemhudumia. Kusema "leo siwezi kuhudumia salama" ni sehemu ya wajibu huo.

SEHEMU F: INSHA

Swali la 15. "Usalama wa mgonjwa huanza kwenye rosta." Jadili, ukirejea zahanati ya kijijini. (Alama 20)

Dondoo za jibu. Anza na msimamo: muuguzi hawezi kuchagua kubaki nyumbani ikiwa hakuna aliyepangwa kushika nafasi yake. Uamuzi huo hufanywa wiki kadhaa kabla, na anayeandika rosta. Kisha jenga hoja:

Jina la akiba. Kila wiki ya rosta iwe na mtu wa kuitwa, hata kama ni wa zahanati ya kata jirani. Zahanati mbili zikishirikiana orodha, kila moja imepata muuguzi wa ziada bila ajira mpya.
Funguo. ED bila kukabidhi funguo za kabati la dawa na jokofu la chanjo ni likizo ya jina. Makabidhiano yaandikwe: funguo, daftari la dawa, wagonjwa wa kufuatiliwa.
Kijiji kijue. Mwenyekiti wa kitongoji, kanisa na msikiti watangaze nani yuko zamu, ili watu wagonge mlango sahihi.
Mtumishi asijitibu. Aandikiwe na mwingine, apate chanjo ya homa ya ini B, apimwe kifua kikuu.
Kuripoti bila kuadhibiwa. Anayepigiwa simu alfajiri na kujibu "jikaze" amefundisha zahanati nzima kunyamaza.

Leta pia upande wa pili: kufunga zahanati kuna madhara, na wapo wanaotumia ED vibaya. Jibu pingamizi hilo: mtegaji hushughulikiwa kwa kufuatilia mahudhurio yake, na si kwa kuwalazimisha wagonjwa wa kweli kuingia wodini. Unaweza kutaja kwamba Shirika la Afya Duniani liliielekeza Siku ya Usalama wa Mgonjwa, 17 Septemba 2020, kwenye usalama wa watumishi wa afya.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Muuguzi ana sonona na amelala kwa saa mbili tu kila usiku, siku tatu mfululizo. Tumia maswali mawili ya swali la 2 kuamua kazi anazoweza na asizoweza kufanya. (Alama 6)
2. Rudia mkasa wa kwanza kwa mtoto wa kilo 16. Ni mg ngapi, na ml ngapi kwa msuli? (Alama 4. Jibu: mg 48, ml 2.4)
3. Andika rosta ya wiki moja kwa zahanati mbili zenye wauguzi watatu kwa jumla, ukionyesha jina la akiba kila siku na nani anashika funguo. (Alama 10)